Ekzosi ya Mazengo

Kefa wa Ulemo alizaliwa amekunja ngumi. Waliosema hivyo ni ndugu zake mwenyewe, watu wapole wa Iramba wanaolima alizeti na kwenda kanisani Jumapili bila kusukumwa na mtu. Yeye aling'oa jino la mwenzake kabla hajajua kusoma. Alipofikia umri wa kupewa jembe lake, alimpiga mjomba wake kwa mpini wa jembe hilohilo, kwa neno dogo ambalo baadaye hata yeye hakulikumbuka. Baba yake hakumlaani. Alimtilia nguo kwenye mfuko wa sandarusi, akamwambia akatafute mahali penye watu wagumu kama yeye.

Akapapata Mkiwa, kwenye njia panda. Malori ya Dodoma yanapita, ya Singida yanapita, ya Itigi yanachepuka, na kila anayesimama pale ana njaa, ana haraka au ana pancha. Kefa alianza kwa kuziba matairi ya baiskeli. Halafu biashara ikaachiwa huru, vitu vikaanza kumwagika kutoka kwenye makontena, na pikipiki za Kichina zikaingia mpaka vijiji ambavyo havijawahi kuona gari dogo. Kila kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake akataka fahali mmoja auzwe ili naye apande kitu chenye taa. Kefa akaachana na baiskeli, akapata mashine ya kuchomelea, na hapo ndipo jina lake lilipotoka.

Lilitokana na mabomba ya moshi, ekzosi kama wenyewe wanavyosema. Pikipiki mpya ina ekzosi yenye adabu: inanong'ona, na imevishwa bati la kinga ili mguu wa abiria usiguse chuma cha moto. Vijana wa bodaboda hawakuitaka adabu hiyo. Kefa aliling'oa bomba la dukani, akaitupa kinga, akachomelea bomba lake mwenyewe, fupi na pana, lililopanda juu kando ya keria kama pembe ya fahali. Likiwashwa, kuku walitafuta pa kujificha. Ukimuuliza habari ya kinga, alijibu kwamba kinga ni gauni, na pikipiki ya mwanamume haivai gauni.

Matokeo yake yalikuwa kwenye miguu ya watu. Mkiwa nzima, wake kwa waume, ilikuwa na kovu moja lenye umbo la yai kwenye shavu la mguu wa kulia, upande wa ndani, pale abiria anapogusa bomba akipanda au akishuka. Walilizoea kama chale. Binti akilipata, shangazi zake walimtania kwamba sasa ameshapanda. Ukisema Mkiwa kwamba fulani ameungua, hakuna aliyekuuliza ameungua wapi. Liweke moyoni jambo hilo, maana damu yote ya habari hii imetoka hapo.

Miaka haikumpoza Kefa. Vijana walimwamkia shikamoo kwa mbali kidogo, nje ya urefu wa mkono wake. Mkewe, Raheli, ndiye peke yake aliyeweza kumwambia nyamaza akanyamaza, na hata yeye alichagua siku.

Mazengo alikuwa kijana wa Kigogo kutoka Manyoni, mcheshi, mwenye kicheko kilichomtangulia kabla hajafika. Pikipiki yake haikufanana na za wenzake. Ilikuwa ya mradi wa Wazungu uliofunga virago, ikauzwa kwenye mnada, na haikuwa na kabureta. Ilikuwa na kompyuta chini ya kiti. Kwenye bomba lake la moshi kilifungwa kidude chenye waya, ukubwa wa plagi, kinachoitwa sensa. Kazi yake ni kunusa moshi, kupima hewa iliyobaki humo na kuiambia kompyuta iongeze mafuta au ipunguze. Kefa alikuwa hajawahi kukiona, lakini kusema sijui kulikuwa nje ya tabia yake. Alilikata bomba lile na sensa yake ndani, akaitupia kwenye debe la vyuma chakavu, akauviringisha ule waya kwa utepe mweusi, akachomelea pembe yake ya fahali.

Pikipiki ikapiga kelele kama bunduki. Mazengo akafurahi siku mbili tatu. Baadaye injini ikawa inakula mafuta machache kuliko hewa, maana pua yake imekatwa na kompyuta haijui tena kinachotoka nyuma. Ikachemka. Bomba likageuka samawati, halafu jioni likawa jekundu kabisa, kama chuma kilichotoka kwa mhunzi. Mazengo akiiegesha, watu walihamisha watoto.

Mchana mmoja alikuja karakana bila kicheko. Akamwamkia Kefa, akamweleza kwamba jana yake amemshusha abiria Ihanja, mzee wa watu, mguu ukagusa bomba, ngozi ikabaki pale. Amempeleka zahanati mwenyewe. Usiku hakulala.

"Fundi, nakuomba unirudishie vya zamani," alisema. "Na kile kidude chake, na kinga yake."

Kulikuwa na wateja wamekaa kwenye benchi, wakisikiliza. Kama wasingekuwapo, pengine mambo yangekwenda vingine. Lakini Kefa aliona ameambiwa hajui kazi mbele za watu, na damu ikampanda. Alimtukana Mazengo na mama aliyemzaa. Mazengo alipobaki amesimama, bado anaomba, Kefa alimrushia nyundo. Ilimkosa, ikapiga tangi la pikipiki, ikalibonyeza bila kulitoboa, ikaacha shimo linaloenea ngumi ya mtoto. Mazengo alilitazama lile shimo, akaipiga kiki pikipiki yake, akaondoka. Mpaka leo bado ananiudhi, yule Kefa wa siku ile.

Kesho yake jua likikaribia kuzama, wachungaji walimleta Mazengo Mkiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, pamoja na pikipiki yake. Walimkuta kwenye barabara ya Ihanja, mahali penye vichaka. Kamba ilikuwa imefungwa kutoka mti mmoja hadi mwingine, urefu wa shingo. Aliyeifunga alitaka pikipiki. Alimponda Mazengo kwa rungu, akajaribu kuiinua mashine, ikamshinda, akakimbia aliposikia kengele za ng'ombe. Mkokoteni ulisimama mbele ya karakana kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na barabara. Kefa alikipakata kichwa cha Mazengo. Taya lilikuwa limevunjika, jicho moja limefunikwa na nyama, na kila pumzi ilitoka na povu la damu.

"Nani?" Kefa alimuuliza. "Nitajie nani."

Mazengo alihangaika na ulimi uliokuwa hauna pa kuegemea. Aliinua kidole kuelekea pikipiki.

"Ameungua," alisema. Akajaribu tena, jina halikuja, likaja neno lilelile. "Ameungua."

Kwenye bomba, karibu na keria, kulikuwa na ngozi ya mtu imekauka kama ukoko wa ugali. Mazengo alikata roho palepale mapajani mwa Kefa. Kefa alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya barabara nzima, kisha akanyamaza ghafla, na Raheli alipomwona uso alijua kilio kile kimegeuka kitu kingine.

Asubuhi waendesha bodaboda wote walikusanyika msibani. Deo, kijana wa Itigi aliyekuwa mwenyekiti wa kijiwe chao, alifika amevaa jaketi la mikono mirefu, na alipomsalimia Kefa alimpa kifundo cha mkono badala ya kiganja. Kefa naye akatoa kifundo, kama ilivyo desturi ya mafundi ambao viganja vyao havitoki grisi hata kwa sabuni ya mche. Kifundo kikagusana na kifundo. Miaka yote Kefa alisalimiwa hivyo, hata hakufikiri.

Ndiye Kefa aliyesimama na kuwaambia cha kufanya. Alisema bomba lile analijua, amelichomelea kwa mkono wake, na kwa moto ule haliachi kovu, linachuna. Mtu aliyemuua Mazengo anatembea na shavu la mguu lililochunwa.

"Tutafuteni mguu," alisema.

Deo alikuwa wa kwanza kuitikia. Leo ni gulio Ihanja, alisema, miguu yote itakuwa pale. Hakuna aliyetaja polisi. Waliondoka kwa msururu, honi zimekandamizwa, matawi ya miti yamefungwa kwenye taa, na Kefa mbele juu ya pikipiki ya Mazengo. Deo alivaa glavu na kupanda nyuma ya mwenzake, akidai ya kwake imelegea klachi.

Gulio la Ihanja liliingiliwa kama zizi. Walizunguka mabanda, wakafunga njia, wakaamuru kila mwanamume apandishe suruali mguu wa kulia. Aliyeuliza kwa nini alipigwa kibao. Aliyechelewa alipigwa mateke mpaka suruali ikapanda yenyewe. Wenye makovu walikokotwa hadi kwenye pikipiki ya Mazengo, mguu ukalinganishwa na bomba kama mtu anayepimwa kiatu, na makovu yalikuwa mengi, ya zamani, meusi, yaliyopona. Mzee mmoja alijikojolea. Muuza nyanya alikanyagiwa bidhaa yake yote. Kefa alipita katikati na spana kubwa mkononi, na niseme ukweli, alikuwa anajisikia vizuri. Uchungu ulikuwa umepata pa kwenda.

Ndipo walipomfikia Zefania. Huyu alikuwa mkulima wa vitunguu, mtu wa makamo, ameketi juu ya gunia lake na mguu wa kulia ameunyoosha. Uliviringishwa bendeji. Kelele zikakoma. Kefa aliinama, akaivuta ile bendeji ikatoka na utando wa kidonda, na chini yake palikuwa pabichi, pekundu, umbo la bomba lenyewe.

Hakumuuliza swali. Spana ilimpata Zefania usoni, juu kidogo ya shavu, na ikasikika. Wengine wakafuata. Walimpiga kwa minyororo ya pikipiki, kwa helmeti, kwa mawe ya kuegeshea magunia. Vitunguu vilitawanyika, watu wakawa wanateleza juu yake na kupiga wakiwa wameanguka. Deo alipiga kwa miguu tu, mikono imo mifukoni mwa jaketi. Mtu mmoja alikuwa ameshafungua kidumu cha petroli, na harufu yake ilipanda juu ya harufu ya vitunguu na damu.

Zefania alikuwa amemshika Kefa kifundo cha mguu. Kefa aliinama amng'oe, na kwa kuinama akasikia. Mtu yule hakuwa akiomba msamaha. Alikuwa akieleza, taratibu, kama mtu anayejua hana muda wa kurudia.

"Mazengo mwenyewe alinipeleka zahanati," alisema. "Akaniambia nisamehe, mzee, kesho naenda kwa fundi wangu, arudishe kinga."

Katika umati wote ule, ni Kefa tu aliyejua kwamba maneno hayo ni kweli, maana fundi mwenyewe ndiye yeye, na jibu la fundi lilikuwa nyundo. Alikuwa ameambiwa habari za mguu huu mchana kweupe, siku moja kabla ya mauaji, akaufuta kwenye kichwa chake kwa sababu ulimtia aibu. Sasa ameurudia kuuvunja.

Alipiga kelele waache. Hakuna aliyesikia, hata kama wangesikia, walishaonja. Alianza kupiga wenzake kwa spana ileile, huyu mkono, yule mgongo, na mnyororo ukashuka begani kwake ukamlaza juu ya Zefania. Petroli ilimwagika miguuni mwa Zefania, ikamkosa Kefa. Kefa aliinuka, akaifikia pikipiki ya Mazengo, akaisukuma kando, mbali na petroli, akaipiga kiki na kuzungusha mafuta mpaka mwisho. Ilinguruma na kufyatua milio kama risasi. Watu waliruka nyuma. Aliiacha ingurume, bomba likabadilika rangi, akapandisha suruali yake, akaubandika mguu wake wa kulia kwenye chuma na kuushikilia pale.

Sitaeleza harufu. Waliokuwapo hawali nyama choma ya pale gulioni mpaka leo.

Alipouondoa mguu, ngozi ilibaki. Akasimama kwa mguu mmoja, ameshikilia usukani, machozi na kamasi zinamtiririka.

"Haya, mguu mwingine huu," alisema. "Nipigeni na mimi. Bomba hili linamuunguza kila mtu kwa sababu mimi nimelitengeneza vibaya. Mazengo alikuja kuniomba nilitengeneze. Huyu mzee alikuwa abiria wake, Mazengo mwenyewe aliniambia. Nikamfukuza."

Pikipiki ilizimika yenyewe kwa joto. Mwenye kiberiti alikirudisha mfukoni kama mtu aliyekosea mfuko. Jiwe moja lilianguka chini, halafu la pili. Kutoka nyuma Deo alisema fundi amechanganyikiwa na msiba, kazi imaliziwe, lakini alisema peke yake. Walimbeba Zefania kwenye kipande cha turubai, na Kefa akachechemea nyuma yao hadi zahanati.

Muuguzi wa zahanati ile alikuwa Magdalena, mama mnene asiyetishwa na kundi. Aliwafungia mlango wote, akamshughulikia Zefania kwanza, na alipofika kwa Kefa hasira ilikuwa haijamtoka. Alisafisha kidonda bila huruma yoyote. Alimwambia yeye na wenzake na pikipiki zao wamemmalizia dawa ya moto: huyu mzee kwanza, jana jioni mwenzao mwingine, leo yeye.

Kefa alimuuliza mwenzao yupi.

"Sikumuuliza jina. Kijana wa bodaboda. Kiganja chote cha kulia kimetoka ngozi," alisema Magdalena. "Eti ameshika sufuria."

Picha ikamjia Kefa kichwani. Aliona mtu akiinua pikipiki iliyolala, kwa haraka, huku kengele za ng'ombe zinakuja. Mkono mmoja usukani. Mwingine unapapasa keria pale ilipo kwenye pikipiki nyingine zote, na kukamata pembe ya fahali. Mazengo alisema ameungua. Hakusema mguu. Mguu waliusema wao, Mkiwa nzima, kwa mazoea, na yeye Kefa akiwa wa kwanza. Halafu akakumbuka kifundo cha mkono alichopewa msibani, na mtu ambaye hajawahi kushika spana.

Alitoka nje akichechemea. Vijana walikuwa wamekaa chini ukutani, wameinamisha vichwa. Deo alisimama pembeni, bado amevaa glavu. Kefa alimwendea, akafuta kiganja chake kwenye shati, akakinyoosha.

"Deo, nipe mkono," alisema.

Deo alimpa kifundo. Kefa alikipita kile kifundo, akakamata kiganja pamoja na glavu yake, akakamua. Alikuwa na kiganja cha mtu aliyekunja vyuma nusu ya maisha yake. Deo alipiga yowe moja na kwenda magotini, na maji ya kidonda yakachuruzika kutoka kwenye glavu hadi kwenye kiwiko. Kefa aliivuta glavu ikatoka. Wote wakakiona kiganja, kibichi, chenye mchoro wa bomba kutoka kidole gumba hadi upande wa pili.

Walinyanyuka kwa pamoja. Mnyororo ulisikika ukifunguliwa.

Kefa hakuuachia ule mkono. Alimvuta Deo mpaka akagusana naye kifua kwa kifua, akamfunga mkono wa pili shingoni, na kuanza kutembea naye kuelekea kituo cha polisi. Aliyetaka kumpiga Deo ilimbidi ampige Kefa kwanza, na walimpiga kweli. Alifika na sikio limechanika na mbavu mbili zimevunjika. Njiani Deo aliungama yote, kamba, rungu, mnunuzi aliyekuwa akimsubiri Itigi, akidhani akisema atalegezewa. Kefa alizidi kukaza. Alikuwa akimtesa na kumwokoa kwa mkono uleule, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua ni lipi alilokuwa akilifanya zaidi. Kituoni askari wawili ndio waliomfungua vidole.

Zefania alipona, bila jicho la kushoto. Kefa alikwenda kwake mara nyingi, akiwa ameoga, mikono imesuguliwa kwa mchanga mpaka weupe ukaonekana. Zefania hakuwahi kumpa mkono wala kifundo. Alimwacha akae uani, akampa maji, basi. Kesi ya kumjeruhi ilimpeleka Kefa jela, na hakukata rufaa wala kulalamika. Alipotoka, karakana yake ikaanza kurudisha kinga kwenye pikipiki ambazo yeye mwenyewe alizivua nguo.

Ya Mazengo ndiyo iliyomchukua muda. Alipekua debe la vyuma chakavu mpaka chini, akakipata kile kipande cha bomba na sensa yake, akaichomelea, akaunga waya, akafunga kinga. Injini ikatulia. Ikawa inanong'ona kama ilivyotoka kiwandani, na ukiweka mkono juu ya kinga unasikia uvuguvugu tu. Akaipakia kwenye lori hadi Manyoni, kwa mama yake Mazengo, anayeitwa Damari.

Damari aliipokea uani, mbele ya majirani. Aliizunguka polepole, akaipapasa kiti, usukani, taa, kama mtu anayemkagua mtoto aliyetoka safari. Mkono wake ulipofika kwenye tangi ulizama kwenye lile shimo, ukakaa hapo.

"Hapa ndipo walipompiga mwanangu?" aliuliza.

Raheli alikuwa amemsihi Kefa asiseme. Dereva wa lori alikuwa ameshawasha injini. Kefa alivua kofia.

"Hapana, mama," alisema. "Hapo nilimpiga mimi."